Msumeno wa Mjomba

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, seremala mwenye bandeji mkononi alikuwa akimsimulia mama mmoja, mwenye kiwanda cha mikate, jinsi msumeno ulivyomla vidole viwili. “Hospitali nikasema nilijikata nyumbani nikipasua kuni. Mwenye karakana ni mjomba wangu, mama. Nimfilisi?”

Mama akashika kichwa. “Mungu wangu! Ungesema uliumia kazini, mfuko wa fidia ndio ungekulipa, si yeye! Kwani hachangii?”

“Anachangia sana. Kila mwezi anatukata kwenye mshahara.”

“Anawakata ninyi?” Basi zima tukageuka. “Mchango ule hutoa mwajiri, mwanangu! Mimi hutoa huku nikinung'unika, lakini natoa mfukoni mwangu. Sasa hela zenu zinakwenda wapi?”

Seremala akanywea. “Mjomba ni mjomba,” akasema. Kwa hoja hiyo, nadhani, sheria haina kifungu.

Basi likasimama, akashuka. Mama akachomoza kichwa dirishani. “Na ile habari ya kuni, nani alikufundisha?”

Simu ya seremala ilikuwa inaita. Akaipokea kwa mkono mzima. “Shikamoo, mjomba.”