Mzee Bomba, Aliyesoma Moshi wa Magari

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Bomba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao.

Alianza shule ya msingi Januari 1959. Akiwa darasa la sita alimwambia mwalimu wa sayansi, mbele ya wenzake, kwamba pikipiki yake inaunguza oili, ndiyo maana moshi wake ni wa bluu. Alichapwa viboko viwili kwa ujuaji. Wiki mbili baadaye pikipiki ikakata roho njiani. Mwalimu, muungwana wa watu, alimwomba radhi, na ndiye aliyempeleka chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 1969.

Alifanya kazi karakana ya manispaa hadi 1982, alipofungua gereji yake mwenyewe. Hakufungua injini kabla ya kusimama nyuma ya gari na kushika kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi, kisha akakinusa kama mpishi anayeonja mchuzi. Moshi mweusi, alisema, gari linakula mafuta kupita kiasi. Wa bluu, linaunguza oili. Mweupe wa asubuhi ni mvuke tu, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, maji yameingia yasikotakiwa. Mkewe aliacha kumnunulia leso nyeupe mwaka 1990.

Mke huyo, muuguzi, alimpata kazini. Gari lake kuukuu lilitoa moshi wa bluu kila likiwashwa asubuhi, na mafundi wawili walikuwa wamemwambia anunue injini nyingine. Marehemu aliomba aje kulitazama likiwashwa, na akaenda asubuhi tatu mfululizo. Tatizo lilikuwa vijipira vya valvu vilivyovujisha oili, na alilijua tangu siku ya kwanza. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua na kumletea kikohozi. Mganga hajigangi: alikohoa miezi minne akisema ni vumbi. "Baba watoto," mkewe alimwambia, "gari likikohoa hivi ungeliruhusu litoke getini?" Siku hiyo hiyo alikwenda hospitali.

Tangu hapo alikaa kitini mlangoni mwa gereji, na binti yake, aliyemfundisha ufundi mwenyewe, akafanya kazi zote. Hata hivyo, miaka yote hiyo wateja walipouliza, alijibu, "Huyo ananisaidia tu." Binti aliendelea kukaza nati, lakini lilimuuma.

Tarehe 9 Februari mwaka jana mwalimu mkuu mstaafu alileta gari lake. Kesho yake angesafiri na wajukuu wanne, na alikuwa na haraka. Marehemu alitazama moshi mweupe wa gari hilo dakika mbili akasema, "Mvuke huo. Nenda zako." Binti akafunga geti.

"Nani fundi hapa?" baba alifoka.

"Wewe, baba. Lakini tungoje injini ipate moto. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Walingoja dakika ishirini. Moshi ukabaki mweupe vilevile, na maji ya rejeta yakawa yamepungua. Gasketi, inayozuia maji yasiingie panapoungua mafuta, ilikuwa imeungua. Marehemu alisimama kwa shida, akavua kofia mbele ya wateja wote. "Mimi nimekosea," alisema. "Ningewaua watoto wa watu. Fundi ni huyu." Binti alilia, na wengine pia, ingawa leo wanakana.

Alifariki nyumbani usingizini, tarehe 3 mwezi huu, mkewe akiwa pembeni yake.

Wasifu huu aliupitia mwenyewe mwezi uliopita, kalamu mkononi, akilalamika kwamba umemsifu mno. Mdogo wake, anayeusoma hapa, alikuwa ameandika: "binti mmoja, anayesaidia gereji." Marehemu alifuta neno moja na kuandika matatu juu yake. Kwa hiyo usomwe alivyotaka: ameacha mke, mtoto wa kiume aliye mwalimu, wajukuu watano, na binti mmoja, fundi mkuu wa gereji.

Na apumzike kwa amani, kwa kuwa kazi ina mwenyewe.