Mama Mvuke na Chupa za Wodi ya Wazazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Mvuke anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha kutakasia vifaa vya hospitali yetu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa roho yangu ni nzito.

Jina alilipata kwa kutoka humo miwani imefunga ukungu, akimfokea yeyote aliyemletea kifaa bila kukisuuza. Daktari bingwa wa upasuaji mwenyewe alikuwa akimwona kwenye korido anaficha bakuli chafu mgongoni. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni chupa za kunawia, zile za kubonyeza ambazo mama aliyejifungua hutumia kuosha mshono kwa maji ya vuguvugu. Zilikuwa chupa nene za kudumu. Alizisugua tundu kwa tundu, akazichemsha, akazianika, kisha akajipulizia maji ya kila moja shavuni. Iliyochoma aliitoa. Alisema shavu lake likiumia, mwenye mshono itakuwaje?

Miaka mitatu iliyopita kamati ya vifaa iliamua kuleta chupa za kutumia na kutupa. Mama Mvuke hakupinga. Alikiri wazi kwamba kwa mwenye kidonda kibichi chenye usaha, chupa ya kutupa ni salama zaidi. Aliomba jambo moja tu: za zamani zisitupwe mpaka tuhakikishe mpya zinafika kila mwezi. Wajumbe wakaangua kicheko, wakasema bibi anaogopa kukosa kazi. Ikaamriwa za zamani zichomwe.

Mwezi wa nne tangu zianze kutumika, maboksi ya chupa mpya yakaisha. Wazazi wakaanza kuazimana chupa za kutupa, wakizisuuza bombani. Sisi, kwa akili zetu nyingi, tukamwamuru azichemshe. Zikajikunja zote ndani ya sufuria. Hapo ndipo alipofungua kabati, nyuma ya aproni, akatoa chupa arobaini za zamani alizozinusuru. Wodi nzima ikanawa.

Shukrani yake ilikuwa barua ya onyo, kwa kuhifadhi vifaa vilivyofutwa bila idhini. Makubwa! Leo ukutani pale wodini kuna mwongozo: za kutupa kwa wenye maambukizi, za kudumu kwa wengine, kila moja ijaribiwe kabla ya kugawiwa. Ni maneno yake, sahihi ni ya kamati.

Alipoulizwa angependa zawadi gani, hakutaka kitenge wala saa. Alitaka barua ile iondolewe kwenye faili lake, aende nyumbani akiwa safi. Tumemnunulia saa ya ukutani.

Mama, barua ile niliiandika mimi, katibu wa kamati ya vifaa. Na siku ile ya kicheko, cha kwanza kilikuwa changu. Juzi niliandika ya kuifuta, mwenyekiti akakataa kutia sahihi, eti itaonekana kamati ilikosea. Basi naandika hapa, ambapo sihitaji sahihi yake: kamati ilikosea, wewe hukukosea, nami nilijua tangu siku uliyofungua kabati nikanyamaza.

Asante kwa yote. Tunakuombea mapumziko ya amani. Faili lako bado lina ile barua.