Sita ya Oddmund Brekkhus

Mchungaji, wifi yangu Borghild, watoto wetu Sunniva na Trond, ndugu, majirani, na ninyi mliokosa viti mkasimama mlangoni, mimi ni Gunnvor, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya kaka yangu. Najua leo ni Ijumaa ya kuelekea Jumapili ya Mitende, nimeyaona magari yenu hapo nje yamefungwa mbao za kutelezea thelujini, na najua machungwa na riwaya za upelelezi za Pasaka zimo ndani zinangoja kupandishwa kwenye vibanda vya mlimani kama desturi yetu, kwa hiyo sitawachelewesha. Ila namwomba kila mtu asitoke kabla sijamaliza, kwa sababu marehemu hakumsamehe mtu aliyeacha hadithi katikati, na hii yake ina mwisho ambao hata yeye hakuujua.

Marehemu Oddmund Brekkhus alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Februari 1946 hapa hapa Kvernlia, akiwa mtoto wa kwanza wa Halvard Brekkhus, mpasua mbao wa kiwanda cha mtoni, na mkewe Ragnhild, nami nikafuata mwaka 1951, na tangu siku hiyo, alikuwa akisema, nyumba yetu ikapata mshukiwa. Kweli jamu ya matunda ya msituni ilikuwa ikipungua kabatini, lakini ushahidi haukupatikana, na leo shahidi pekee amelala, kwa hiyo tuyaache hayo.

Alianza shule ya msingi Kvernlia mwaka 1953, na akiwa darasani huko, mwaka 1957, gari la maktaba lilimletea riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, akaisoma chini ya blanketi mpaka akafika mwisho na kukuta kuwa mwisho haupo, mtu asiye na haya alikuwa amezichana kurasa za mwisho, labda za kuwashia jiko. Kaka alilia, jamani, mtoto wa miaka kumi na moja alilia kama kafiwa, kisha akafuta machozi, akaanza tena ukurasa wa kwanza, na Jumapili mezani, tukila viazi na samaki, akaweka uma chini na kutangaza, "Ni mke wa daktari." Baba akamwambia, "Kula." Miaka miwili baadaye mama alikipata kitabu kizima mjini Lillehammer, tukafungua mwisho sote, na alikuwa ni mke wa daktari. Mama alipiga makofi, lakini nakumbuka sura ya kaka yangu, haikuwa ya furaha, alikuwa kama mtoto aliyeiona zawadi yake ya Krismasi kabla haijafungwa.

Baada ya hapo alisoma sekondari Lillehammer, akajiunga na chuo cha ualimu Hamar mwaka 1966, akahitimu mwaka 1968, na mwaka huo huo akaajiriwa kufundisha hesabu katika shule yetu ya sekondari, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wengi wenu mlipita mikononi mwake, na wengine mlipita kwa shida, mnajijua.

Lakini hakuna aliyekuja leo kwa ajili ya hesabu. Pasaka ya mwaka 1974 gazeti letu la bondeni lilimwomba ahakiki riwaya moja ya upelelezi, akahakiki, na hakuacha tena mpaka wiki aliyofariki. Kila uhakiki wa gazeti letu hufungwa kwa picha ya dadu, nukta moja ni ya kitabu cha kuwashia jiko, nukta sita ni ya kitabu kinachokusahaulisha viazi jikoni mpaka vinaungua, na Oddmund alitoa moja, alitoa tatu, alitoa nne nyingi, akibanwa sana na furaha alitoa tano, lakini sita hakuwahi kutoa. Sharti lake lilikuwa moja tu, aliliandika gazetini na alilirudia kila harusi na kila ubatizo, "Sita ni ya atakayenidanganya." Na hakudanganyika. Akifika katikati ya kitabu alikuwa amekwisha kumjua muuaji, iwe riwaya ya hapa kwetu, iwe ya Iceland, iwe ya Waingereza na chai zao zenye sumu.

Msidhani lilikuwa jambo dogo, waandishi walikuwa wakiitamani ile sita kuliko mauzo, na mmoja alipanda treni kutoka Oslo na keki ya malai mapajani, akabisha mlangoni kwa kaka, akakaribishwa, keki ikaliwa yote, na Jumamosi akasoma gazetini kwamba kitabu kimepata tatu. Alipopiga simu kulalamika, kaka alimjibu kwa adabu zote, "Keki niliipa tano."

Na kwa kuwa historia ya marehemu haifichi kitu, nitaje pia mwaka 1988, ambapo kwa hasira ya kitabu kibovu aliandika kwamba muuaji anatumia mkono wa kushoto, na katika kitabu kizima mwenye mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu. Loo! Bonde zima liliwaka, watu walikuwa wamekwisha kupanda nacho mlimani, Pasaka imeharibika, na Jumanne baada ya sikukuu mwoka mikate alimtazama kaka usoni akamwambia, "Mkate umekwisha, mwalimu," huku mikate imejaa rafuni nyuma yake. Kaka aliomba radhi gazetini kwa herufi nene, na tangu hapo alikuwa akisema kwamba mtu anaweza kuiba, anaweza hata kuhamia upande wa pili wa bonde, lakini kutaja mwisho wa hadithi ndiyo dhambi isiyo na toba.

Sasa nije kwenye ndoa, na wifi usiniangalie hivyo, uliniambia nisome yote.

Mwezi Machi mwaka 1970, katika maktaba ya Kvernlia, marehemu alikwenda kuazima riwaya mpya ya Pasaka iliyokuwa nakala moja tu, akakuta msichana wa duka la dawa, Borghild Haugli, amemtangulia, amesimama pale pale mbele ya meza, ameifungua ukurasa wa mwisho kabisa, anasoma. Kaka yangu alipiga kelele maktabani, "We dada! Unafanya nini?" naye wifi, bila kuinua macho, akasema, "Natazama basi linakwenda wapi kabla sijapanda." Mimi niliyeendesha basi la bonde hili maisha yangu yote nasema hakuna abiria mwenye akili kuliko huyo, lakini kwa kaka yangu ilikuwa kama kumwona mtu anakula nyama mbichi, alikuja nyumbani ameiva uso, akasema nimekutana na mwanamke hatari sana, na mama akaanza kuandaa harusi kichwani. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Juni 1972 katika kanisa hili, na walijaliwa watoto wawili, Sunniva, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1973, na Trond, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1976, ambao wote wawili husoma vitabu vya bustani, pole yao.

Kila Pasaka kule mlimani mambo yalikuwa hayo hayo, wifi anakichukua kitabu kwanza, anasoma ukurasa wa mwisho, anakifunga, anamkabidhi mumewe, kisha anakaa mbele yake nje ya kibanda, kwenye jua, anamenya chungwa. Kaka anasoma, anamtazama, anasoma, anamtupia jina ghafla kumshtua, "Ni mpwa wake!" na wifi anamwambia, "Kula chungwa, Oddmund." Uso wake haukusema kitu, haukuwahi kusema, si nyusi, si mdomo, na mwanamume aliyewasoma wauaji wote wa dunia hakuweza kumsoma mke wake. Kisha anafika mwisho, anakuta alikuwa sahihi, anakifunga kitabu taratibu na kusema, "Tena." Watu walidhani anajivuna. Wifi na mimi tulijua kwamba kila mwaka alipanda mlimani akitumaini mtu mmoja, mahali fulani, ameweza kumdanganya, na kila mwaka alishuka hajampata.

Mwezi Oktoba mwaka jana alianza kukosa pumzi, akapelekwa hospitali ya Lillehammer, ikaonekana mapafu yake yamekakamaa na dawa ya kuyarudisha hakuna, na kuanzia Februari alilazwa moja kwa moja. Mwezi huu Machi gazeti lilimletea riwaya ya Pasaka ya mwaka huu, ile ile mliyo nayo kwenye magari, msijifanye, na kwa kuwa mikono haikuweza tena kukishika kitabu aliniomba nimsomee. Nikamuuliza kwa nini si Borghild, mwenye sauti nzuri, akasema, "Borghild ameshaona mwisho, sauti inaweza kumponyoka. Wewe hujui kitu." Asante sana, kaka. Nikamsomea, mimi niliyesoma vitabu vya mapishi tu maisha yangu yote, na jamani, mbona hamkuniambia? Nilikuwa nikifika hospitali kabla ya saa za kuona wagonjwa, nagombana na wauguzi niingie, na yeye akinisikia mlangoni anasema, "Anza, anza!" kabla hata sijavua koti.

Jumatatu tarehe 20 Machi, katikati ya kitabu, aliinua kidole, nikanyamaza, akataja jina la muuaji. Akageuka upande wa ukuta. "Ya mwisho hii, Gunnvor," akasema, "na nimeshamjua."

Jumatano tarehe 22 Machi daktari alituita akatuambia tukae karibu, hatafika jioni. Kitabu kilikuwa bado kina kurasa nyingi, mimi nasoma mbio huku nalia, maneno yanagongana, na kaka akaweka mkono juu ya ukurasa, akamtazama mkewe, akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika nyumba ile, "Borghild. Niambie." Nilisimama. Nilimwambia, "Wifi, usithubutu!" maana niliona kama tunamzima kwa mikono yetu, anaomba kuambiwa kwamba alikuwa sahihi, afe na ile "Tena" yake ya kila mwaka. Wifi akainama, akamnong'oneza sikioni.

Kaka yangu alifungua macho yote mawili. "Haiwezekani," akasema. "Yule? Yule wa sura ya tatu?" Wifi akatikisa kichwa kukubali, na kaka akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, machozi yanamtoka, "Nimedanganywa! Gunnvor, nimedanganywa, mimi!" akainua mkono wenye vidole vitano, kisha kwa shida akainua dole gumba la mkono wa pili. "Andika. Sita." Alifariki alasiri ile, umri wake miaka sabini na saba, na muuguzi aliyemfumba macho alituuliza mara mbili kama kweli alikuwa na maumivu, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa.

Jumamosi gazeti lilitoka na dadu lenye nukta sita, la kwanza katika maisha yake, na mpaka Jumatatu duka la vitabu halikuwa na nakala hata ya dawa.

Sasa, hapa namwomba marehemu azibe masikio.

Jumapili iliyopita nilikimaliza kitabu. Sitamtaja muuaji, sitaki kunyimwa mkate, lakini nawaapia mbele ya mchungaji kwamba aliyeua ndiye yule yule ambaye kaka alimtaja Jumatatu. Jina alilonong'onezwa naweza kulitaja, maana huyo hakuua hata nzi, ni mpiga kinanda wa kanisani wa sura ya tatu, na Torleif uliye kwenye kinanda hapo juu, tulia, si wewe. Nilitoka nyumbani na viatu vya ndani, nikapita theluji mpaka kwa wifi, nikamkuta jikoni anamenya chungwa, nikamwambia, "Borghild, alikuwa sahihi!" Hakuinua macho. "Alikuwa sahihi maisha yake yote," akasema, "ilimchosha." Nikamuuliza alipata wapi uso wa kumtazama mtu anayekufa na kumwambia uongo, akanipa nusu ya chungwa, ndipo midomo ikaanza kumtetemeka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Pasaka hamsini, Gunnvor. Uliona nikijizoeza, hukujua."

Nilimuuliza kama niyasome haya leo, akasema nisome, wapendwa wake hawafichwi mwisho. Mhariri naye amekubali, gazeti la kesho litasahihisha, kitabu kinapata nne, na mwandishi akitaka kulalamika alete keki.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Lillehammer, hasa kwa kunivumilia mlangoni, majirani mliosafisha theluji mbele ya nyumba bila kuombwa, walimu wenzake, gazeti letu, na mwoka mikate, ambaye mikate ya msiba huu ameileta mwenyewe na kukataa kulipwa.

Juu ya jeneza, kando ya maua, mnaliona dadu la mfupa lililokaa mezani kwake tangu mwaka 1974. Tumeliweka nukta sita juu, nalo si la kitabu, ni la wifi yangu aliyeketi benchi la mbele, aliyetimiza sharti.

Kaka, zibua masikio. Ulimtafuta duniani kote, alikuwa mbele yako anamenya chungwa. Umedanganywa kweli kweli, sita yako ni halali. Pumzika kwa amani.