Herufi Zenye Miguu za Baba Yetu

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, na familia imenikabidhi jukumu la kuwasomea habari za maisha yake.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, nyumba ya tatu kutoka stesheni ya treni, akasoma shule ya msingi ya mtaa huohuo hadi 1963, na tarehe 3 Januari 1966 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, ambako kwa miaka ishirini na miwili alipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, akizisoma kinyumenyume bila kusita. Alizipenda zile zenye vistari vidogo kwenye ncha, akiviita miguu, akidai kwamba ndivyo vinavyolishika jicho la msomaji lisiteleze nje ya mstari, na wenzake wakambandika jina la Mzee Miguu, wakimtania kwamba iko siku atazinunulia viatu.

Tarehe 9 Agosti 1974 alimwoa Mama, msahihishaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio, palepale kiwandani, aliyewahi kumrudishia ukurasa ukiwa na makosa kumi na moja, naye Baba akaapa kumwoa ili aibu hiyo ibaki nyumbani. Walijaliwa watoto watatu.

Mimi nilikuwa msanifu wa kurasa za gazeti, na tarehe 1 Julai 2011 niliziondoa herufi zenye miguu, nikaweka zisizo nayo, kwa kuwa vipimo vyetu havikuonyesha tofauti ya kasi kwa wasomaji. Baba aliendelea kununua gazeti kila asubuhi, na ilipita miaka kumi na mmoja kabla Mama hajaniambia kwamba Baba alikuwa akisoma vichwa vya habari tu.

Kuanzia Februari 2023 kisukari kilimpunguzia nuru ya macho. Jumapili, tarehe 28 Mei, nilimchapia ukurasa mmoja kwa herufi zake, kubwa, akausoma wote kwa kidole, akasema, "Mwanangu, humu sijapotea," akaomba nimletee wa pili Jumapili inayofuata. Jumapili hiyo nilikuwa kazini. Niliufikisha hospitalini Jumanne, tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, naye alikuwa amefariki saa tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompokea Mama zamu za kumwangalia, na wenzake wa kiwandani, ambao hata wodini walimuuliza habari za viatu.

Karatasi mliyopewa mlangoni nimeipanga kwa herufi zake. Pumzika kwa amani, Baba, miguu yote ipo.