Barua ya Kuthibitisha Mannoubia Anajua Kukanda

Ndani ya treni ya kwenda La Marsa, Mannoubia alimgeukia bwana aliyeketi kando yake, asiyemjua hata kwa sura. "Miaka kumi na tisa nakanda unga pale bekari, tangu tuko watatu! Leo tumefika arobaini, kaletwa meneja wa wafanyakazi, ati nilete barua kwamba kazi naijua. Na wa kuitia saini ni tajiri, niliyemfundisha kukanda mimi!"

Behewa zima likatega masikio.

"Lakini mama," alisema bwana yule, "watu arobaini bila utaratibu si fujo? Mimi nina karakana ya viatu, nina wafanyakazi kumi na wanane."

"Haya, nitajie majina yao."

Bwana akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa mbwembwe. Alipofika la saba akakohoa, akatazama dirishani, akataja la nane.

"Huyo umeshamtaja," alisema Mannoubia, na treni ikasimama.