Penseli ya Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mhadhiri ambaye wenzake walimwita Mama Penseli. Miaka thelathini na moja chuoni, na silaha yake ilikuwa penseli.

Alipokabidhiwa idara, wahadhiri kumi na wawili walikuwa hawasalimiani. Chanzo ni ratiba. Mkuu aliyetangulia aliipanga mlango ukiwa umefungwa. Marafiki zake wakapata asubuhi. Wengine wakapata Ijumaa saa tisa alasiri: ukumbi wa bati, wanafunzi mia nne, kipaza sauti kinacholia kama mbuzi. Ukiugua, hakuna wa kukushikia kipindi. Kila mtu na lwake. Chuo kikatoa muhula mmoja: vipindi vikizidi kukosa walimu, idara inavunjwa.

Muhula mmoja tu, wasikilizaji.

Mama Penseli akabandika ratiba nje ya mlango wake. Ijumaa saa tisa akajiandika yeye. Kando akaning'iniza penseli kwa uzi, na kifutio. Akasema, "Anayeona kaonewa, afute, aandike upya. Ila mchana kweupe, mbele za watu."

Mhadhiri wa takwimu, mbishi wa kubishana na kivuli chake, akacheka. "Danganya toto hiyo." Akafuta jina lake kwenye vipindi vyake vitatu vya alasiri, akaandika la mkuu mpya, Mama Penseli. Mkuu akasoma, akachukua chaki, akaenda kufundisha. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Wiki ya tatu, mbishi akaonekana mlangoni na kifutio.

"Nilikuwa bado nimenuna," anakiri. "Lakini mtu unamtwisha mzigo, naye anakuuliza watoto hawajambo. Utafanyaje?"

Akavirudisha vyote vitatu. Akaongeza kimoja cha mwenzake aliyekuwa amejifungua. Wengine wakafuata. Toka hapo muhula ukaisha bila kipindi kupotea, na idara ipo mpaka leo.

Mwaka huu Mama Penseli alilazwa. Bintiye anasimulia: "Hakuulizia dawa, aliulizia Ijumaa. Akanituma nikapige picha ratiba."

Picha ikaja. Jina lake halikufutwa. Chini yake majina kumi na mawili, kila moja na wiki yake. La kwanza ni la mbishi.

"Mama alicheka mpaka muuguzi akaja mbio," anasema bintiye. "Akamwambia, 'Usijali, dada. Sasa naweza kuumwa kwa raha.'"

Alitutoka Alhamisi. Ijumaa saa tisa, mwalimu alikuwa ukumbini. Nasikia wawili waligombania zamu ile, kipindi kilichokuwa kikikimbiwa kama moto.

Kwa bintiye, kwa mdogo wa marehemu, fundi saa, na kwa idara nzima: poleni sana, Mungu awape subira. Nawe unayenisikiliza, kesho kazini itazame ile saa inayokwepwa na wote. Imeandikwa jina la nani?

Penseli bado inaning'inia pale mlangoni. Imeisha, imebaki kama kidole gumba. Wamekataa kuibadilisha. Wamerefusha uzi.