Jani la Kijani Bondeni kwa Mwanaharusi

Neno hili liishie hapa hapa. Weka mkono kifuani kwanza. Bi Shamsa, muuza kahawa wa kijiweni Miburani, naye aliuweka asubuhi ile jirani yake Mwanaharusi alipomnong'oneza: kuna mtu anakatiza na pikipiki bonde lake la mpunga, kavunja tuta, maji yanatoroka. Asimwambie mtu, mpaka mhalifu ajulikane. Shamsa akaapa. Siri ikakaa naye mpaka kikombe cha kwanza cha kahawa.

— Mwanaharusi kasikia mlio wa pikipiki? — aliuliza Hafidhi, aitwaye Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia chuo huko Dar.

— Hajasikia. Kaona alama za tairi tu.

— Basi si pikipiki.

— Ni simu hizi, — alisema Shamte Redio. — Zinawatafutia madereva njia ya kula mafuta kidogo. Sasa mafuta yaliyookolewa yanakwenda wapi? Ardhini. Yakiingia, maji yanahama.

— Yanahamia wapi?

— Ras Mkumbi, kule mwisho wa kisiwa.

— Juzi nimetoka huko, nimeoga kwa kikombe.

— Ulioga upande gani?

Shamsa akawaongezea kahawa. Kichwa kilianza kumzunguka, lakini utamu ulikuwa umekolea.

— Setilaiti hiyo, — Profesa akakata shauri. — Njia ya mafuta kidogo ina alama ya jani la kijani. Setilaiti inaona jani kwenye simu, inaona jani bondeni, inadhani yote yake. Inanyonya.

— Tumuulize Taufiki Matone, — alisema Shamsa. — Simu yake inalo hilo jani.

Taufiki ni bodaboda. Petroli anaihesabu tone kwa tone, ndiyo asili ya jina.

— Yule mwacheni, — alisema Shamte. — Kila siku anatuambia anapunguza moshi, anaiokoa dunia.

Hapo Mwanaharusi akatokea, mkononi kitita cha mpunga ulionyauka.

— Shamsa, si ulikula kiapo?

— Nilikula, mwenzangu. Nikashushia na kahawa.

— Haya, chekeni. Tuta lisipozibwa leo, mwaka huu sivuni hata pishi moja.

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyesikia kitu, mpaka pikipiki ya Matone iliposimama mbele yao, imeserereka kutoka mlimani kimya kama paka, injini imezimwa. Kwenye mteremko Matone hachomi petroli. Nyuma alimpakia Goodness, nesi mgeni wa zahanati, viatu vyeupe vimejaa tope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, lile bonde tulilokatiza, lina mwenyewe? — aliuliza nesi.

Profesa akatazama kikombe chake. Shamte akatazama angani.

— Simu ndiyo iliyonielekeza, — alisema Matone, akiinua kioo cha simu chenye jani la kijani. — Njia rafiki kwa mazingira, wazee.

Mwanaharusi akainama, akachomoa kwenye spoku miche mitatu ya mpunga, ingali na mizizi yake, akampa Shamsa amshikie. Matone akapeleka mkono kuwasha injini aondoke.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Mwanaharusi.

— Jembe liko bondeni, — alisema. — Njia unaijua.